Alama ya Vema

Swali la kumi na saba: *Je, husikia sauti
za watu ambao wengine hawawaoni?*
Binti yangu akaweka vema kwenye Ndiyo.
Doto ana miaka tisa, hajajifunza kuidanganya karatasi.

Siku ya nne wakapanda Igogo,
afisa ustawi na kijana wa kishikwambi,
wakihema, viatu vikiteleza juu ya mawe
tuliyoyazoea sisi kama ulimi uzoeavyo meno.
Nilikuwa nachambua dagaa. Nikafuta mikono kwenye khanga.
Mgeni hupewa kiti kabla ya swali;
wao walianza na swali.

Wewe ndiye Ng'washi Malugu, mama wa mwanafunzi?
Ndiye.
Baba?
Yuko Goziba, kambi ya dagaa. Hupiga simu mwezi ukiwa mkubwa.
Akaandika: *hayupo.*

Kisha akasoma barua. Jumatatu saa mbili
gari litamchukua shuleni, kituo cha uangalizi,
siku ishirini na nane, dawa kadiri itakavyoonekana.
Sahihi yako hapa, mama.
Nisipokubali?
Akatabasamu kama anayemfundisha mtoto kusoma saa:
hii si sahihi ya kukubali. Ni ya kupokea taarifa.

Basi nikawaonyesha chumba.

Jiwe lipo palepale lilipokomea usiku ule wa Aprili,
nusu chumbani, nusu uani, kama ng'ombe aliyelala.
Tulijenga ukuta upya tukalizunguka.
Nani angelisukuma?
Chini yake palikuwa na kitanda cha pacha.
Kulwa alilala upande wa ukutani,
yeye ndiye mkubwa, kwa dakika kumi.

Someni ubavuni, nikawaambia, bado inasomeka.
X nyekundu. Rangi ya halmashauri.
Lilipokuwa bado kule juu, nyuma ya choo cha Nkwabi,
walikuja na ndoo na brashi:
jiwe hili ni hatari, tutarudi kulivunja.
Wakaandika X, wakaandika namba, wakashuka.
Miaka miwili tulilala chini ya X.
Kumfuata mtoto mmeweza kwa siku nne.

Kijana wa kishikwambi akainamisha kichwa.
Afisa akasema hiyo ni idara nyingine.

Sisemi mwanangu hana jambo.
Usiku humsikia akigawana shuka:
*usivute yote, nami nina baridi.*
Hucheka kidogo, kisha kimya kirefu,
nami hukaa macho nikihesabu pumzi gizani.
Kuna usiku nilihesabu za watu wawili.
Msiandike hilo.

Ningekwenda mwenyewe, mnasikia?
Mngesema tu: kuna mtu anayajua mambo haya,
njoo naye, kaa karibu na mlango,
usikie anachoulizwa, ukatae usichokielewa,
ningevaa gauni la kanisani siku hiyohiyo.
Nauli ningekopa.
Hofu ninayo kabla yenu. Nimelala nayo.
Mnataka kunisaidia kuibeba, au mnataka kuichukua
na mtoto akiwa ndani yake?

Wakati huo jirani akapiga hodi kuomba chumvi:
*Mama Kulwa! Mama Kulwa, upo?*
Mtaa mzima huniita hivyo hadi leo.
Nikamtazama afisa.
Na hawa, nao mtawawekea vema?

Hakujibu. Akanigeuzia karatasi.
Kusoma najua, kuandika najua, darasa la saba nilimaliza.
Nikaikamata kalamu, na pale penye mstari
nikachora X, polepole, mikono yake yote miwili.
Akaikunja bila kuitazama.

Walishuka wakishikilia miamba kama wazee.
Chini ziwa lilikuwa jeupe kwa jua,
kivuko kikipiga honi, dunia ikiendelea na kazi zake.

Sasa ni Jumapili usiku.
Sare nimeipiga pasi, sijui ya shule au ya safari.
Doto amekaa juu ya jiwe, anapakwa mafuta miguu,
anauliza gari hilo lina viti vingapi.